Usilale na Jiko: Maneno kwa Wafugaji wa Kuku Kipupwe Hiki

(Haya niliwaambia wafugaji wenzangu tulipokutana kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, wiki ya kwanza ya Juni. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na maswali 2 ya mwisho.)

Mbukwenyi!

Mwenyekiti wetu wa mtaa, bwana afisa mifugo, mama zangu, baba zangu, nanyi vijana mliokaa kule nyuma juu ya matofali. Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa niseme namna ya kulipasha joto banda la kuku katika kipupwe hiki. Nitasema. Lakini nitaanza na jiko la mkaa, maana nikianza na kuku mtanisikiliza kibiashara, na jambo ninalotaka mlishike kwanza linahusu watoto wenu.

Julai 2017 mdogo wangu wa tumbo moja alinunua vifaranga 100 wa chotara, wa siku 1. Alikuwa amepanga chumba kimoja, banda lilikuwa halijaisha, fundi alimwahidi kulimaliza wiki hiyohiyo. Mnaijua Julai ya hapa. Jua likizama tu, upepo wa kusi unashuka na vumbi lake, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam na shati jepesi anatafuta koti la kuazima. Vifaranga wakaanza kulia ule mlio wao mwembamba wa baridi. Mdogo wangu akaliingiza boksi chumbani. Akawasha jiko nje, akalipepea mpaka moshi ukakata na mkaa ukawa mwekundu wote. Akaliingiza ndani, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa blanketi ili joto lisipotee. Akalala pale na wanawe 2.

Alfajiri mwanawe mkubwa akaamka kwenda kujisaidia. Miguu haikumbeba. Aliangukia ndoo na sufuria zilizokuwa mlangoni, na kishindo kile kikamwamsha mama mwenye nyumba. Ndiye aliyesukuma mlango. Walitolewa nje wanatapika, mdogo wangu hajui yuko wapi, na yule wa miaka 3 shingo imelegea kabisa. Walilazwa siku 2, wakawekewa oksijeni, Mungu akawarudisha. Vifaranga walikutwa wamekufa wote 100. Hawakuwa wamerundikana kama wanavyofanya wakisikia baridi. Walikuwa wametawanyika vizuri ndani ya boksi, kila mmoja mahali pake. Joto walilipata.

Naomba utulivu kidogo hapa. Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa hewa ya sumu ambayo wataalamu wanaiita kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikohozi mtu. Sisi tunauogopa moshi, na moshi ukikata tunaona hatari imepita, kumbe mkaa uliokwisha kuiva unaendelea kuitoa sumu hii usiku kucha kimyakimya. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na inaing'ang'ania ile nafasi zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, usingizi unakuwa mzito. Aliye macho anaweza kudhani ni malaria. Aliyelala hasikii dalili yoyote.

Ndege wanazidiwa mapema kuliko sisi kwa namna wanavyopumua. Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka shimoni na ndege mdogo ndani ya kizimba. Ndege akilegea, wanajua watoke haraka. Desturi hiyo iliachwa 1986. Kwa hiyo ukimkuta kifaranga amezubaa karibu na jiko, usishughulike naye kwanza. Toka wewe na kila aliyemo, milango iachwe wazi, na anayeumwa kichwa apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Chumba wanacholala watu kisilale jiko la mkaa. Hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Hata kama ni usiku mmoja tu, fundi anakuja kesho. Nawaomba, kina mama, hili mwambieni na mpangaji wa chumba cha pili.

Sasa kuku.

Kuku mkubwa wa hapa Dodoma hahitaji kuwashiwa moto. Najua wengine mnatikisa kichwa. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, limepita letu. Akijitutumua mtini jioni, hewa inanaswa katikati ya manyoya, na hiyo ndiyo blanketi yake. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, siku nyingine chini ya hapo. Kwetu sisi ni baridi. Kwa kuku mwenye manyoya kamili, aliye mkavu na asiyepigwa na upepo, ni usiku kama usiku mwingine. Kanada na kaskazini mwa Marekani kuna wafugaji ambao kuku wao wanalala bila moto wowote bandani, nje theluji imeganda, na asubuhi wanashuka wazima. Wanachohangaika nacho wafugaji wale ni unyevu, kwa sababu banda likiwa na unyevu kilemba cha jogoo kinaganda na ncha zake zinakufa.

Mtaniuliza basi mbona kuku wetu wanakufa miezi hii. Nami niliuliza hivyo 2012, nilipopoteza kuku 40 ndani ya wiki moja. Nikasema baridi hii. Nikaziba banda kila upande, nikawasha moto, wakazidi kufa. Kinyesi cha kijani, mabawa yamelegea, wengine shingo zimepinda. Ulikuwa mdondo, ambao wengine mnauita kideri, na huwa unashika kasi miezi hii ya ukavu na upepo, ndiyo maana lawama tunaitupia baridi. Moto hauutibu mdondo. Hautibiwi na kitu. Unazuiwa kwa chanjo: ile ya I-2 ni tone 1 jichoni, unarudia kila miezi 3, na unamchanja kuku akiwa bado mzima. Bwana afisa mifugo yupo hapa, nami namwachia aseme siku ya kuchanja, asiondoke kabla hajaitaja.

Mdondo ukiwa umezuiwa, unabaki upepo na unyevu. Hapa nina neno na namna tunavyojenga siku hizi. Wazee wa Kigogo walilala na kuku wao ndani ya tembe. Ukuta mnene wa miti na udongo, paa bapa la udongo, mlango mdogo. Udongo ule unalinywa jua mchana kutwa, halafu usiku unalirudisha polepole. Leo tunajenga nguzo 4, bati juu, wavu pande zote, tunasema ni banda la kisasa. Banda la namna hiyo ni la Pwani. Kule shida ni joto na jasho la bahari, ukuta wa wavu unawasaidia. Tumelinakili tukalileta kwenye mji ambao upepo wake unang'oa mabati. Sisemi turudi kwenye tembe. Nasema tofali la udongo, hata lile bichi la kukausha juani, linafaa kwa kuku wa hapa kuliko wavu mtupu, na ni rahisi kulipata.

Upepo wetu wa kipupwe unatoka mashariki na kusini-mashariki. Upande huo pandisha ukuta juu. Pande nyingine ukuta ukifika kiunoni unatosha, halafu wavu, na juu ya wavu pazia la viroba vilivyoshonwa pamoja. Pazia hili usilitundike kama la dirisha la sebuleni. Ligongelee chini, ulivute kwenda juu, ili hata ukiwa umelifunga kabisa ibaki nafasi wazi chini ya paa. Mimi huacha sentimita 30, pande 2 zinazotazamana.

Nafasi ile ndiyo wengi tunaiziba, na tunaiziba kwa huruma. Kuku wanapumua usiku kucha, wanatoa mvuke. Kinyesi kikilowana kinatoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Hewa ya vuguvugu inapanda, inatoka na mvuke na amonia kwa juu. Ukiiziba inaning'inia humo humo, maranda uliyotandika chini yanalowa, kuku wanaanza mafua. Ukitaka kujua hali ya banda lako, ingia saa 11 alfajiri kabla hujafungua chochote, uchuchumae, kichwa chako kifikie kimo cha kuku, uvute pumzi. Sisi tunavuta hewa ya juu tukiwa tumesimama, wao wanalala na ile ya chini. Macho yakiwasha, banda limezibwa mno au maranda yamelowa, au yote mawili.

Maranda yawe makavu, kina cha sentimita 8 hadi 10. Walio karibu na Bahi mnapata pumba za mpunga kwa urahisi. Maganda ya karanga nayo yanafaa, ila yakiwa na ukungu usiyaingize bandani kabisa, ukungu ule unakwenda kwenye mapafu ya vifaranga. Jioni, kabla kuku hawajapanda kulala, wape konzi za mtama. Tumbo linaposaga nafaka mwili unapata joto. Na mti wa kulalia uwe bapa, kuku akae akifunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo.

Kwa kuku wakubwa nimemaliza. Vifaranga ndio wenye haja ya joto, na haja yao ni ya kweli, kwa sababu wanatotolewa wakiwa na malaika tu mwilini, yale manyoya laini ya utotoni, manyoya yenyewe hayajaota. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, pale wanapolala. Kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki, mpaka wiki ya tano au ya sita, wakishaota manyoya, ndipo unawaachia hewa ya kawaida. Kipimajoto, ukiwa nacho, usikitundike ukutani kwenye kimo chako. Kining'inie sentimita 5 juu ya maranda.

Usipokuwa nacho, vifaranga wenyewe wanasema. Wakirundikana chini ya joto na kulia, wanasikia baridi, na wale wa katikati ya rundo watakosa hewa wafe. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa wameyaachia, joto limezidi. Wakijibana wote upande mmoja wa bruda, yaani kile kizimba cha kulelea vifaranga kwenye joto, basi upepo unaingia kutoka upande wa pili, tafuta tundu. Wakiwa wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamejinyoosha wamelala, waache. Waangalie saa 4 usiku, halafu amka tena saa 10 alfajiri. Saa hiyo ya pili ndiyo ya kweli, baridi kali kabisa hukaribia mapambazuko, na bruda iliyokuwa nzuri jioni huwa imeshapoa.

Bruda yenyewe iwe duara. Chukua karatasi ngumu au bati jepesi, zungushia. Kona ndiko vifaranga wanakokandamizana. Na joto liwe upande mmoja au katikati, usilisambaze bruda nzima, ili kifaranga aliyepata joto la kutosha awe na pa kukimbilia.

Sasa joto litoke wapi. Wenye umeme wengi tunatundika globu. Kumbukeni globu hizi za kisasa za kubana umeme hazitoi joto la kufaa kifaranga. Nimemwona mama ametundika 3 na vifaranga wanatetemeka chini ya mwanga mweupe. Inatakiwa ile ya zamani yenye waya ndani, au taa nyekundu maalumu ya joto, ambayo nyingi ni za wati 250. Taa moja ya namna hiyo ikiwaka kwa muda wa saa 12 inakula uniti 3 za umeme, piga hesabu kabla hujanunua vifaranga.

Na taa hii inaunguza. Banda langu la kwanza liliungua 2014. Nilikuwa nimeitundika taa kwa waya wake wenyewe, nimeufunga kwenye boriti kwa kamba ya katani. Kamba ilikatika usiku, taa ikalala juu ya maranda makavu. Niliposikia mlio, bati lilikuwa limeshaanza kujikunja. Vifaranga 180, na gunia 6 za chakula. Majirani walizima kwa mchanga, nyumba ikapona. Tangu siku hiyo taa yangu inaning'inia kwa mnyororo, na ipo kamba ya pili ya waya wa chuma, endapo wa kwanza utaachia. Ina kikinga cha wavu wa chuma, iko sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda, na waya wake ni mnene, wa kuunganishwa na fundi umeme. Ule waya mwembamba wa kuongezea, wa kuchajia simu, unapata moto na kuyeyuka. Ndoo 2 za mchanga zinakaa mlangoni mwa banda. Namba ya zimamoto ni 114, iandikeni ukutani leo.

Umeme ukikatika je? Hapo ndipo jiko huletwa mbio, usingizini, bila kufikiri. Kwa hiyo tayarisha kitu kingine mapema. Mimi natumia madumu. Dumu la mafuta ya kula la lita 5, unalijaza maji ya moto, yasiwe yale yanayochemka maana plastiki italegea, unafunga kifuniko barabara, unalifunika kwa gunia au kanga ya zamani, unalilaza katikati ya bruda. Vifaranga wanalizunguka kama mama yao. Linawatunza saa kadhaa, na ukiamka ile saa 10 unabadilisha maji. Madumu 2 yanatosha vifaranga 50 au 60 katika boksi lililokingwa upepo. Haliungui, halitoi sumu, na likimwagika umelowesha maranda tu.

Wako pia wanaotumia sanduku lisilo na moto kabisa, na nimekuja nalo, lipo pale chini ya mwarobaini. Ni boksi la mbao la sentimita 60 kwa 60. Pembeni limejazwa nyasi kavu zilizoshindiliwa kwenye viroba, juu kuna mfuniko wa blanketi uliolegea mpaka unagusa migongo ya vifaranga. Mlango mdogo upande mmoja, matundu ya hewa upande wa juu. Joto ni la miili yao wenyewe. Wawe wengi kidogo, mimi naweka 40, kwa sababu wakiwa 8 au 10 hawatoshi kupashana. Mchana wanatoka kula na kuota jua, jioni unawaingiza. Siku 3 za mwanzo unawafundisha, wanakaidi, halafu wanaingia wenyewe.

Anayelazimika kutumia mkaa, kwa vifaranga, katika banda lililo mbali na chumba cha kulala, asikilize. Mkaa uwashwe nje. Uwekwe kwenye chungu cha udongo chenye matundu, chungu kikalie matofali, chini ya matofali pawe mchanga na si maranda, na wavu wa chuma uzungushwe vifaranga wasikifikie. Juu pawe wazi pande 2, pasizibwe hata upepo uvume vipi. Na yule anayekwenda kuangalia asikae humo kusubiri, wala mtoto asitumwe kulala bandani kulinda kuku.

Kijana mmoja kule nyuma aliuliza: "Mama, mimi nimeagiza vifaranga 500. Madumu yatanitosha?"

Hayatakutosha, mwanangu. Kwa 500 unahitaji chumba cha bruda kilichojengwa kwa kazi hiyo, na kama ni mkaa au kuni, jiko liwe na bomba la kupeleka moshi nje kupitia paani. Gesi nayo inatoa sumu ileile ikikosa hewa, usidhani ni salama kwa sababu ni ya mtungi. Na wagawe katika duara 2 za 250. Lakini kama agizo halijalipwa, ningekushauri uwasogeze mpaka Septemba, baridi ikiwa imepungua.

Halafu akasimama bibi mmoja aliyetoka Veyula. Akasema mtetea wake ametotoa 12 juzi, akataka kujua amwashie nini.

Nikamwambia, usimwashie kitu, bibi. Joto lao ni yeye mwenyewe. Mfunike kwa tenga kwenye kona isiyo na upepo, chini patandikwe pakavu, na asubuhi usimfungulie mpaka jua lipande na umande ukauke. Akauliza, basi mkaa aliokwisha kununua aufanye nini? Nikamwambia aupikie, mlango wa jikoni ukiwa wazi.